Nextflow: kapita wa mashini nyingi, toka Barcelona 2013 hadi leo

Nextflow ni programu ya wazi inayotumika ku labo na ku vyuo vikuu kwa kupanga kazi ndefu za ordinateri. Yenyewe haisomi virusi na haipigi hesabu ya jenome. Kazi yake ni ya kapita: inajua kazi gani inafuata nyingine, inaituma ku mashini yenye nafasi, inaangalia kama imemalizika vizuri, na kama imeharibika inajua fasi ya kuanzia tena.

Watu wengi hawajasikia jina hilo, na si ajabu. Lakini tangu mwaka wa 2023 wakaaji wa Kivu ya Kusini wamesikia sana matunda ya hesabu za namna hii. Wakati mpox ilienea mu muji wa machimbo wa Kamituga, wilaya ya Mwenga, vipimo vya wagonjwa vilipelekwa INRB Kinshasa na jenome ya virusi ikasomwa. Njo pale ilionekana kama ni tawi jipya, lile lililopewa jina la Ib, na kama lilikuwa linapita kutoka mutu kwa mutu. Neno kama hilo halitoki moja kwa moja mu darubini. Linatoka mu hesabu yenye hatua nyingi, na hatua moja ikipotoka, jibu la mwisho linaweza kupotoka bila mutu kujua.

Swali ambalo Nextflow inajaribu kujibu ni hili: namna gani hesabu ileile, ifanywe Kinshasa, Johannesburg ao Barcelona, itoe jibu lilelile?

Kazi yenyewe

Mashini ya kusoma jenome haitoi jenome nzima kama kitabu. Inatoa vipande, maelfu ao mamilioni, vilivyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Jenome ya mpox iko na herufi karibu 197 000. Ya mutu iko na karibu miliari 3. Vipande vichafu vinatupwa. Vile vya mgonjwa mwenyewe vinatenganishwa na vya virusi. Vinavyobaki vinapangwa juu ya jenome inayojulikana tayari, tofauti zinaorodheshwa herufi kwa herufi, na mwishowe virusi vya mgonjwa huyu vinalinganishwa na vya wengine ili mti wa ukoo uchorwe. Kila hatua iko na programu yake, iliyoandikwa na watu wengine, mu luga nyingine ya ordinateri, mara nyingi na fundi aliyekwisha kuhamia kazi nyingine.

Kwa vipimo 5, mutu anaweza kukaa na kuandika amri moja moja. Kwa vipimo 500, atachoka na atakosea. Pale inaombwa kundi la mashini: ordinateri makumi ao mamia zilizofungwa pamoja, zinazotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Ku mulango wa kundi hilo kunakaa programu ya kugawa zamu, kwa mfano Slurm. Inapokea kazi, inaziweka ku mstari kama watu mbele ya gishe ya banki, na inazipa mashini zikipatikana. Lakini maana ya kazi hizo haiijui. Mwenye kazi njo anapaswa kusema ipi inangojea ipi.

Zamani watafiti walifunga hatua hizo kwa skripti ndefu. Wengine walitumia Make, chombo ambacho Stuart Feldman alikitengeneza mu 1976 ku Bell Labs, Marekani, kwa kujenga programu na si kwa kusoma jenome. Skripti hizo zilikuwa na ugonjwa mmoja: zilijua mashini moja tu. Ndani mlikuwa majina ya folda za mwenyewe, programu alizoziweka kwa mkono wake, na mara nyingine mambo aliyoyakumbuka yeye peke yake. Mwanafunzi aliyeandika akipata diploma na kuondoka, wenzake wanabaki na karatasi ambayo hakuna anayeisoma.

Barcelona

Nextflow ilitoka hadharani mu 2013, ku kituo cha utafiti wa jenome kinachoitwa Centre for Genomic Regulation, CRG kwa kifupi, mu Barcelona, Uhispania. Mwenye kuianzisha ni Paolo Di Tommaso, fundi wa programu mu kundi la Cedric Notredame, mtafiti anayejulikana kwa T-Coffee, programu ya kulinganisha mifuatano ya protini.

Mwaka mmoja mbele, mu 2012, Johannes Köster na Sven Rahmann wa Ujerumani walikuwa wametoa Snakemake, ambayo mpaka leo ni ndugu na mushindani wa Nextflow. Tofauti yao inafaa kueleweka. Snakemake, kama Make, inaanzia mwisho: unaiambia faili gani unataka kupata, nayo inarudi nyuma kutafuta hatua zote zinazoombwa. Nextflow inaanzia mwanzo: data inaingia mu mfereji, na kila hatua inakaa kando ya mfereji ikingojea. Kitu kikifika, inaanza kazi.

Ni kama mihogo. Hakuna mama anayengojea mihogo ya kijiji kizima ikauke njo beseni la kwanza liende ku mashini ya kusaga. Iliyokauka inasagwa, na ingine bado iko ndani ya maji. Kwa Nextflow, kipimo cha kwanza kinaweza kuwa ku hatua ya 5 wakati cha mwisho bado kinasafishwa. Mwenye kuandika mpango haombwi kusema “fanya hizi zote kwa pamoja”. Inatokea yenyewe, juu hatua moja haigusi nyingine ila kupitia mfereji.

Luga yake imejengwa juu ya Groovy, ndugu ya Java. Chaguo hilo limelalamikiwa sana, na malalamiko yako na haki: watafiti wengi wa biolojia wamejifunza Python ao R, na Java wanaisikia tu. Kilichotuliza hasira ni kwamba ndani ya kila hatua mutu anaandika kwa luga anayoitaka. Bash, Python, R, Perl, zote zinapita. Groovy inabaki ku viungo.

Kitu kingine ambacho kilipendwa haraka: mpango wa kazi umetenganishwa na maelezo ya mashini. Ku faili moja kunaandikwa hatua. Ku faili nyingine kunaandikwa kama kazi zitumwe kwa Slurm, hatua hii iko na haki ya gigabaiti 16 za kumbukumbu, ile ya masaa 4. Ukihama kutoka ordinateri ya mezani hadi kundi la mashini la chuo, unagusa faili ya pili tu. Baada ya Slurm na wenzake wa namna hiyo, SGE, LSF, PBS na HTCondor, zikaingia pia mashini za kukodisha za Amazon, Google na Microsoft.

Leishmania kwenye mashini mbili

Kutenganisha huko hakukutosha, na watu wa Barcelona wenyewe njo walionyesha sababu. Mu mwezi wa 4 wa 2017 walitoa makala mu gazeti la sayansi Nature Biotechnology. Walichukua Companion, mnyororo wa kazi unaotafuta jeni ndani ya jenome za vimelea, na wakaupa jenome ya Leishmania infantum, kimelea cha leishmaniosi, ugonjwa unaoletwa na kidudu kidogo kinachouma. Data ileile, programu zilezile. Mara ya kwanza ku mashini ya Mac, mara ya pili ku Linux ya Amazon. Jeni zilizopatikana hazikulingana.

Hakuna mutu aliyekosea. Chini ya kila programu kuna vipande vingine vya programu ambavyo mtumiaji havioni, na vipande hivyo havifanani kutoka mashini moja hadi nyingine. Tofauti ndogo nyuma ya nukta inaingia ku hatua ya kwanza, inakua ku ya pili, na ku ya sita jeni imepotea. Kwa kimelea inaweza kuonekana kama jambo la wataalamu tu. Kwa munganga anayetaka kujua kama mgonjwa wa muji huu ameambukizwa na yule wa muji ule, herufi moja ao mbili njo zinaamua.

Dawa ilikuwa kontena. Mfano wa bandari ya Matadi unatosha: meli inabadilika, lori inabadilika, mzigo ndani haubadiliki. Kontena ya ordinateri inabeba programu pamoja na vipande vyote vinavyoitegemeza, na inafunguliwa vilevile ku kila mashini. Docker, iliyoeneza njia hiyo, ilitoka mu 2013, mwaka mmoja na Nextflow, na Nextflow ikaipokea mapema, mu 2014. Mu jaribio la Leishmania, kontena ilipotumika, Mac na Linux zikasema neno moja.

Docker iliingia vibaya ku makundi ya mashini ya vyuo vikuu. Ili itumike vizuri inaomba nguvu za msimamizi mkuu, na hakuna msimamizi anayependa kumpa mwanafunzi ufunguo wa nyumba nzima. Njo maana Singularity, iliyoanzishwa mu 2015 ku Lawrence Berkeley, Marekani, ilishangiliwa: inafungua kontena bila kuomba nguvu hizo. Sasa tawi lake moja linaitwa Apptainer. Nextflow inakubali zote, na kubadilisha ni mstari mmoja.

Pretoria, 2016

Afrika haikungojea makala ya 2017. Mu mwezi wa 8 wa 2016, watu wa H3ABioNet, mtandao wa Afrika wa hesabu za jenome ulioongozwa na Nicola Mulder wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walikutana Pretoria kwa kuandika pamoja minyororo ya kazi ambayo labo za bara zingeweza kuitumia. Shida yao ilikuwa wazi. Mashini za nchi moja hazifanani na za nchi nyingine: fasi moja kuna kundi kubwa lenye Slurm, fasi nyingine kuna serveri moja chini ya meza.

Walitengeneza minyororo minne na hawakuweka mayai yote mu kikapu kimoja. Miwili iliandikwa kwa CWL, kanuni ya pamoja ambayo injini mbalimbali zinaweza kuisoma. Miwili iliandikwa kwa Nextflow: mmoja wa kutafuta uhusiano kati ya jeni na magonjwa kwa watu wengi, mwingine wa kukadiria herufi za jenome ambazo hazikupimwa. Ule wa kwanza, H3AGWAS, umeendelea kukuzwa, kazi kubwa ikifanyika ku Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Ni moja ya mifano mizuri ya namna gani programu ya wazi inaweza kuchukuliwa na kuendelezwa na watu ambao hawakuomba ruhusa kwa yeyote.

Mwaka wa 2018

Mwaka huo mambo matatu yalibadilisha maisha ya Nextflow.

Kwanza, Di Tommaso na Evan Floden, aliyekuwa mtafiti ku CRG, walianzisha kampuni, Seqera Labs, palepale Barcelona. Pili, mu mwezi wa 10, leseni ilibadilishwa. Nextflow ilikuwa chini ya GPL toleo la 3, leseni inayosema: ukibadilisha programu hii na kuigawa, mabadiliko yako nayo yawe wazi. Ikahamia Apache 2.0, ambayo haidai hivyo. Kampuni inaweza kuichukua, kuitia ndani ya mali yake na kufunga mulango, mradi iheshimu majina ya walioandika. Hesabu za matoleo nazo zilibadilika. Kutoka 0.32 ikaruka hadi 18.10, mwaka na mwezi.

Wenye kupenda GPL wanaweza kuona kama hapo kitu cha watu wote kilifunguliwa kwa wafanyabiashara. Kuna ukweli ndani. Lakini mambo mawili yawekwe ku mizani. Programu bila mutu anayelipwa kuitunza inakufa polepole. Labo nyingi ziko na makaburi ya programu za namna hiyo. Tena, Apache haiwezi kurudishwa nyuma kwa matoleo yaliyokwisha kutoka: kampuni ikigeuka kesho, yeyote anaweza kuchukua toleo la jana na kuendelea nalo. Seqera inapata pesa zake fasi nyingine, ku jukwaa la kuangalia na kuongoza kazi, lililoitwa kwanza Tower. Injini yenyewe imebaki ya bure.

Jambo la tatu, na labda lenye uzito kuliko yote, halikutoka Barcelona. Phil Ewels wa SciLifeLab, Stockholm, na wenzake wa Tübingen na kwingine walianzisha nf-core. Waliona kila labo inaandika mnyororo wake kwa kazi ileile, vizuri ao vibaya, na kusema basi. Kanuni zao: kazi ya aina moja iwe na mnyororo mmoja ambao wote wanautengeneza pamoja, uwe na kontena, uwe na data ndogo ya kujaribia, na kila mabadiliko yasomwe na mutu mwingine mbele ya kuingia. Watu walizozana sana juu ya kanuni ya kwanza, juu kila mtafiti anapenda mtoto wake. Lakini ilishika.

Covid ilipokuja, ilionekana faida. Mu mwezi wa 6 wa 2020 nf-core ilitoa viralrecon, mnyororo wa kujenga jenome za virusi, kazi ya watu wa taasisi ya Francis Crick ya London na Instituto de Salud Carlos III ya Madrid pamoja na wengine. Mpox nayo iko na yake: mtandao wa ARTIC, unaotengeneza njia za kusoma virusi wakati wa milipuko, umetoa mnyororo wa mpox ulioandikwa kwa Nextflow.

Luga ya pili

Si kila hatua ilipokelewa kwa vigelegele. Mu luga ya kwanza ya Nextflow, mnyororo wote ulikuwa ku faili moja. Ukitaka kutumia hatua ya kusafisha vipande ku kazi nyingine, ulinakili na kubandika. Mu 2020 ilikamilika luga ya pili, DSL2, ambayo inaruhusu kuandika hatua kama moduli na kuziita kutoka mnyororo wowote. nf-core ikajenga ghala la moduli za pamoja. Leo mutu anaweza kujenga mnyororo mpya nusu yake ikiwa ni vipande ambavyo wengine wamevijaribu tayari.

Bei yake ilikuwa kuandika upya. Luga zote mbili ziliishi pamoja kwa muda, kisha mu matoleo ya 2022 DSL2 ikawa ya kawaida, na baada ya 22.10 ile ya zamani ikaondolewa kabisa. Kwa kampuni yenye mafundi kumi ni kazi ya wiki chache. Kwa labo yenye fundi mmoja, ambaye pia anatengeneza imprimante na kutafuta intaneti, ni jambo zito. Na kazi ya kukaza kanuni za luga haijasimama. Matoleo mapya yanazidi kuwa makali juu ya namna ya kuandika.

Umeme na intaneti

Kwa labo ya Kongo, sehemu ya Nextflow yenye kufaa kuliko zote ni neno dogo: -resume. Kila kazi inafanyika mu folda yake, yenye jina linalotokana na kitu kilichoingia pamoja na amri iliyotolewa. Umeme ukikatika usiku, asubuhi mutu anaanzisha tena na neno hilo. Nextflow inaangalia folda zote, inaacha zilizomalizika, na inaendelea na zilizobaki. Kazi iliyokatwa katikati inaanza upya yenyewe peke yake, zingine hazirudiwi. Kila safari inapewa pia jina la kuchekesha, kivumishi na jina la mwanasayansi, kwa mfano jolly_turing, ili watu waweze kuulizana “jolly_turing imefika wapi?” bila kusoma nambari ndefu.

Kuna mutego hapo. Folda hizo, zinazokaa ndani ya folda kubwa inayoitwa work, zinakula diski haraka sana. Mutu akiona diski imejaa na kufuta work, amefuta pia kumbukumbu yote ya -resume. Kazi ya siku tatu inarudi ku sifuri.

Intaneti njo ugumu wa pili. Kwa kawaida Nextflow inavuta mnyororo ku mtandao, kisha kontena za kila hatua, na kontena hizo zote pamoja zinaweza kufika gigabaiti nyingi. Ku labo yenye megabaiti za kuhesabu, kazi inaweza kukwama mbele ya kuanza. nf-core iliweka amri ya kupakua kila kitu mara moja, mnyororo pamoja na kontena za Singularity, mu muji wenye mtandao mzuri. Kisha mzigo unasafirishwa ku diski ya mkononi na kufunguliwa ku mashini isiyoona intaneti kabisa. Nextflow nayo iko na -offline kwa kuikataza kutafuta nje.

Mahitaji mengine si makubwa. Linux ao Mac, Bash na Java vinatosha kwa kuianzisha, hata ku ordinateri moja bila kundi la mashini. Na labo iliyobaki na mnyororo wa zamani wa luga ya kwanza haikufungiwa nje: ikiandika NXF_VER=22.10.8 mbele ya amri, Nextflow inachukua toleo hilo la zamani na kulitumia kwa kazi hiyo. Matoleo hayo nayo yanavutwa ku mtandao mara ya kwanza, kwa hiyo ni vizuri kuyaweka mu diski mapema.